Skrubu Iliyobaki

Nimeifungua juu ya sinia la kuchagulia mchele,
kila kipande na nafasi yake, kama tulivyofundishwa Mawenzi
kupanga vyombo kabla daktari hajanawa mikono.
Springi. Pistoni. Triga yenye jino lililolika.
Mtutu uliopigwa kutu mpaka ukawa na rangi ya ugoro.
Na washa ya ngozi, kavu, imejikunja
kama ganda la ndizi la mwezi uliopita.

Bastola ya upepo. Haili baruti.
Unakunja mtutu, unabana pumzi ndani yake,
unaiachia, na pumzi inasukuma punje ya risasi
isiyozidi mbegu ya papai.
Miaka thelathini na nne nimeshika bomba la sindano.
Sikuhitaji fundi wa kunieleza.

Baba alipewa badala ya mshahara wa miezi miwili
na mwenye shamba la kahawa aliyekuwa anafunga virago.
Awatishe nayo ngedere. Ngedere wakaizoea.
Kaka yangu Ndelilio hakuizoea.
Alipiga makopo, akapiga mapapai mabichi,
akapiga, Jumanne moja nikikata majani ya ng'ombe
kando ya mfereji, shavu la mguu wangu wa kushoto.

"Sema ni mwiba, Aikande. Nitakupa miwa yangu yote."
Nikasema ni mwiba.
Mama akautafuta kwa pini, karibu na taa, hakuuona.
Miwa nilipata mmoja, tena nusu imeshatafunwa.
Punje bado ninayo. Ukibonyeza hapa inahama,
kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia.

Sasa nimestaafu, hapa Rau. Wenzangu wanafuga kuku wa mayai.
Mimi nasugua kutu kwa msasa namba mia nne
na mafuta ya taa, polepole, upande mmoja,
maana kidonda hakisafishwi kwa hasira.
Springi nimeichagua Kiboriloni, kwenye ndoo ya vyuma chakavu.
"Ya nini, bibi?" muuzaji akauliza.
Nikamjibu, ya cherehani.
Uongo wangu wa pili kwa ajili ya chuma hiki.

Washa mpya nimeikata kwenye ulimi wa kiatu changu cha kazi,
kile cheusi cha zamu za usiku,
nikailoweka siku tatu ndani ya mafuta ya nyonyo.
Mpini nimeuchonga kwa mringaringa,
kipande cha ule mtumbwi wa mama wa mbege;
ukiunusa vizuri, bado umelewa kidogo.

Sehemu moja sikuigusa:
pembeni mwa triga, pale kidole chake kilipolamba rangi
mpaka chuma kikang'aa.
Msasa ulifika pale, ukasita.
Sijui kwa nini. Au najua, ila leo si siku yake.

Jumamosi Ndelilio amekuja kutoka Arusha
na fimbo yake, na presha yake, na kilo mbili za sukari.
Nikamwekea mapajani.
Akaigeuza, akaigeuza tena, kimya,
kama mtu aliyeletewa cheti chake cha ubatizo.
Nikasimamisha kopo mbele ya gunia la mchanga.
Akakunja mtutu kwa goti, akalenga, mkono ukimtetemeka.
Pufu.
Kopo limesimama vilevile.

"Bado ipo?" akauliza, macho kwenye kopo.
Nikapandisha gauni hadi gotini.
Akabonyeza kwa kidole gumba. Ikahama.
Tukacheka mpaka mjukuu wangu akatoka jikoni na mwiko:
"Bibi, mmeua nini?"
"Mwiba," akasema Ndelilio, akifuta machozi kwa kofia.

Zamu yangu. Kopo likaanguka.

Usiku, nikifuta sinia, nimekuta skrubu moja.
Ndogo, safi, haina kwao.
Bastola inapiga bila yake.
Nimeitia kwenye kikombe kisicho na mkono,
pamoja na ufunguo wa nyumba tuliyokwisha kuiuza.